Antena Iliyotazama Kibati

Mama yangu ni kiziwi tangu utotoni. Surua ilimpitia akiwa mtoto wa miaka minne, ikamwacha hai lakini ikaondoka na masikio. Hakupelekwa shule, maana wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba mtoto asiyesikia anaweza kufundishwa kitu zaidi ya kulima na kuosha masufuria. Lugha ya mikono anayoitumia haikutoka kwenye kitabu chochote. Aliitunga yeye na marehemu papa, baba yetu, kisha sisi watoto wawili tukazaliwa ndani yake, tukaiongeza. Duniani kote tulioijua tulikuwa wanne. Papa alipokufa tukabaki watatu: mama, mimi, na dada yangu mdogo. Na kati yetu, dada ndiye fundi. Mimi naongea na mama kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwingine. Dada anaongea naye kama maji yanavyoteremka.

Naeleza haya mapema kwa sababu watu wa kampuni ya intaneti nilishindwa kuwaeleza. Au niliwaeleza, hawakutaka kusikia, na wao masikio wanayo.

Jioni ile volkano ilipopasuka mara ya pili maishani mwangu, nilikuwa mjini kwa mwalimu mwenzangu. Mama alikuwa nyumbani Ndosho, mtaa wetu wa Goma, ameinamia beseni la nguo, mgongo ameupa mlima. Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele, watu wanapita na magodoro kichwani, yeye anafua. Dada alikuwa tayari amefika barabara kubwa pamoja na majirani alipogundua kwamba kila mmoja alidhani mwingine ndiye aliyemchukua mama. Alirudi mbio dhidi ya umati wote ule. Alimkamata bega, akafanya ngumi juu ya kichwa chake na kufungua vidole ghafla, ishara yetu ya mlima unaopasuka. Mama aligeuka, akaona anga lilivyokuwa jekundu, akakausha mikono kwenye kitenge, na wakaondoka. Kwenye matetemeko ya siku zilizofuata, mama ndiye aliyetuonya. Alikuwa anayasikia kwa nyayo kabla sisi hatujajua kitu. Amri ya kuhama ilipotoka, tulitembea hadi Sake, yeye mbele, akitusimamisha kwa kunyoosha mkono kila ardhi ilipoanza kunguruma.

Baadaye dada aliolewa upande wa Bunagana. Hakumaliza mwaka huko. Waasi wakashuka kutoka milimani, yeye na mumewe wakavuka mpaka na kuingia Uganda wakiwa na jerikani moja na blanketi mbili. Barabara ya kurudi Goma ikafungwa. Kwangu mimi dada alikuwa bado yupo, maana nilimpigia simu nikasikia sauti yake. Kwa mama alikuwa ametoweka. Nilimwambia kwa mikono, "Ni mzima, amekula, anakusalimu." Mama aliniangalia kama mtu anayeuziwa samaki wa jana. Na samaki anawajua, maana miaka yote ameuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale sokoni Kituku, akibishana bei na wateja kwa vidole na nyusi.

Tulijaribu video kwenye simu. Mama ana mtoto wa jicho upande mmoja, na kwenye kioo kidogo vile mikono ya dada ilikuwa kama sisimizi wanaokimbia. Tena mtandao wa simu ulikuwa mwembamba, picha inakwama mkono ukiwa hewani, na kwetu mkono uliokwama hewani ni neno lililokatwa katikati. Ndipo nikanunua kompyuta ya mezani iliyokuwa imeachwa na shule moja, yenye kioo kikubwa, nikaiweka chumbani kwa mama, nikaomba kampuni ituwekee waifai nyumbani. Fundi wao alikuja, akafunga antena ndogo ya sahani juu ya bati, akashusha waya hadi kwenye modemu sebuleni, akaenda zake. Jumapili hiyo, baada ya misa, dada alijaa kwenye kioo kuanzia kichwa hadi kiunoni. Mama alivuta kiti karibu hadi magoti yakagusa meza. Waliongea saa mbili na nusu. Sikuelewa hata nusu yake, na nilifurahi kutoelewa.

Ikawa hivyo kila Jumapili kwa miezi kadhaa. Dada alishika mimba, mama akaiona kabla hajaambiwa, kwa jinsi alivyokaa.

Kisha Jumapili moja kioo kikatuambia kwamba tumeunganishwa, lakini hakuna intaneti.

Nilipiga simu kampuni. Alijibu mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Papa, zima modemu, hesabu mpaka trente, halafu uwashe."

Nilizima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Hakuna kitu.

"Futa neno la siri kwenye ordinateri, uliandike upya."

Nikaandika upya. Kompyuta ikalipokea vizuri kabisa, ikaniambia tena kwamba imeunganishwa, lakini hakuna intaneti.

"Basi ordinateri yako iko na virusi, papa. Ilete kwa biro."

Siku ya pili yake, badala ya kupumzika baada ya vipindi, nilifunga kioo na kasha la kompyuta kwa kitenge cha mama, nikavipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kumwomba mwenye chukudu aende taratibu, maana mawe ya lava barabarani hayana huruma hata kwa meno ya mtu. Pale biro, ofisini kwao, kijana wa ufundi aliichomeka, akaandika neno la siri la waifai yao, na intaneti ikafunguka papo hapo.

"Unaona?" akasema. "Iko muzuri."

"Naona," nikasema. "Kwa hiyo haina virusi."

"Haina. Shida iko kwako nyumbani. Kuta."

"Kuta gani? Nyumba yangu ni ya mbao."

"Mbao nzito zinakata mawimbi, mwalimu. Sogeza modemu, ao fungua nafasi."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafundisha watoto kwamba ukibadilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, ili ujue kilicholeta tofauti. Lakini mtu akivaa shati lenye nembo ya kampuni unamsadiki kidogo, hata kama kichwani kuna kitu kinakwambia usimsadiki. Nilirudi nyumbani, nikachukua msumeno, nikakata dirisha kwenye ukuta wa mbao kati ya sebule na chumba cha mama. Mama alisimama akiangalia vumbi la mbao likianguka kwenye kitanda chake. Aliniuliza kwa mikono kama dada atatokea kwenye tundu hilo. Niliwasha kompyuta tena. Hakutokea.

Nilipotulia nilifanya kama ninavyofundisha. Kwanza niliweka kompyuta na modemu juu ya meza moja, umbali wa mkono mmoja tu kati ya hivyo viwili, bila ukuta wala pazia. Imeunganishwa, hakuna intaneti. Kwa hiyo si kuta. Kisha nikaacha waifai kabisa, nikachukua waya na kuunganisha kompyuta na modemu moja kwa moja. Hakuna intaneti. Kwa hiyo si mawimbi ya ndani ya nyumba. Nikaazima kompyuta ndogo ya mwalimu mwenzangu, nayo ikasema yale yale. Kwa hiyo si kompyuta yangu. Modemu nayo ilikuwa inawaka taa zake zote kijani isipokuwa moja, ile iliyochorwa dunia, ambayo ilikuwa nyekundu. Niliandika haya yote kwenye karatasi, kwa mstari, kama mtihani wa taifa, nikawasomea kwenye simu.

Yule mwanamke mwenye sauti ya upole alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Papa, ulijaribu kuzima na kuhesabu mpaka trente?"

Wiki ya tatu nilipiga tena, ya nne nikaenda mwenyewe. Huku na huku, mwezi ulipoisha, walinitumia ujumbe kunikumbusha kulipia mwezi unaofuata. Wakati huo upande wa Rutshuru ulikuwa umeanguka, na watu walikuwa wanateremka kuelekea mjini na mbuzi, watoto na vyungu. Sisi tulipokea mama mmoja na watoto wake watatu kutoka Kibati. Tuliwapa sebule. Kompyuta ikabaki chumbani kwa mama, chini ya lile tundu la aibu.

Siku nyingine mchana nilipanda juu ya bati. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu ambacho sijakikagua, nacho ni ile antena. Nilitazama kama waya umekatika, kama panya wameula, kama sahani imelegea. Yote yalikuwa sawa. Nilikuwa nimechuchumaa pale, jua linachoma mgongo, ndipo yule mama wa Kibati aliponiita kutoka chini alipokuwa anapembua maharage.

"Mwalimu, unatafuta nini huko juu?"

"Naangalia hii antena inatazama wapi."

Akasimama, akaweka kiganja juu ya macho, akafuata mahali sahani ilipoelekea, juu ya paa za majirani, upande wa mlima.

"Inatazama kwetu," akasema. "Kwetu Kibati."

"Fundi alisema huko kuna mnara wao."

"Ule wa chuma, mwekundu na mweupe, karibu na barabara?"

"Sijawahi kuuona. Huenda ndio."

"Ulikuwa karibu na shamba langu. Lakini uko mutupu, mwalimu. Mbele ya siye kukimbia walikuja na kamio, lori kubwa, batu wao wenyewe, na mashati yao ile. Wakashusha masini yote na jenereta. Waliogopa vita. Wakabakisha chuma tu. Minadhani hata sasa mbuzi wanalala pale."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Alihesabu kwa mavuno, si kwa tarehe: ilikuwa juma lile walipoanza kung'oa viazi vya mwisho. Nikashuka, nikaangalia daftari langu. Lilikuwa juma lile lile taa ya dunia ilipogeuka nyekundu.

Niseme wazi kilichonikasirisha, maana watu wengine waliniambia, "Mwalimu, kwa nchi hii, hicho ndicho cha kukukasirisha?" Sikukasirika kwamba waliondoa mitambo. Mtu mwenye akili haachi jenereta mahali ambapo risasi zinapita. Mimi mwenyewe nilikimbia lava na kuacha kabati la papa. Kilichonichoma ni kwamba walijua. Walijua tangu siku ya kwanza kwamba sahani yangu inatazama chuma kitupu, na wakaniacha nihesabu mpaka trente. Waliniacha nibebe kompyuta juu ya chukudu. Waliniacha nikate ukuta wa mama yangu. Na kila mara waliposema "virusi" au "kuta", walikuwa wananiambia kwamba mimi ndiye mjinga, nami nikapoteza wiki kuthibitisha kwamba siyo.

Nilimweleza mama. Hakuuliza mara mbili. Aliingia chumbani, akavaa kitenge chake cha misa, akanishika mkono tukatoka. Tulipanda moto moja, pikipiki ya kukodi, yeye katikati, nimembana nyuma.

Pale biro mwanamke wa sauti ya upole alikuwa kwenye dirisha la wateja. Sikujua uso wake hadi alipofungua mdomo. Nilimwambia kwamba mnara wa Kibati umevuliwa mitambo na kwamba wao ndio walioivua. Alimtazama mwenzake, kisha akatazama karatasi zilizo mbele yake.

"Hiyo habari ni ya dirikisio, ya wakubwa wetu, papa. Siye hatuna ruhusa kuisema kwa wateja."

"Mlikuwa na ruhusa ya kusema virusi?"

Akapanga upya karatasi zake. Kisha akajaribu njia nyingine, na naamini alidhani anasaidia. "Lakini papa, si mama apige simu ya kawaida tu aongee na mutoto wake?"

"Mama hasikii."

"Basi amuandikie mesaji."

"Hajui kusoma."

"Basi si wewe uongee na dada yako, halafu umuelezee mama?"

Mama alikuwa anamfuata midomo. Alinigusa kiwiko: anasema nini? Kwa dakika moja nilifikiri nimdanganye. Sikuweza. Nilimtafsiria yote, mpaka lile la mwisho.

Mama alisogea hadi kwenye dirisha. Wateja waliokuwa nyuma yetu wakasogea ili waone. Alimwonyesha yule mwanamke kidole, akaonyesha mikono miwili inayombeba mtoto, akauliza kwa nyusi: unaye? Yule mwanamke alielewa bila mimi. Akaitikia kwa kichwa. Mama akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake mwenyewe na kuukandamiza, kisha akanigeukia na kuongea haraka, nami nikatafsiri kwa sauti ili biro nzima isikie:

"Anasema: leo jioni ukifika kwako, mimi nikufunge mdomo. Jirani ndiye aongee na mtoto wako badala yako, na kesho akuelezee alichosema. Keshokutwa pia. Mwezi mzima. Utakubali?"

Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Ah! Mujibu basi." Mwanamke mwingine akauliza antena ya kwake inatazama wapi, yeye anakaa karibu na sisi. Kumbe naye alikuwa amenunua modemu mpya kwa ushauri wao. Kelele zikaanza. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mwanaume mwenye tai, akauliza kuna nini, na kabla sijamaliza sentensi akasema fundi atakuja kesho asubuhi.

Alikuja kweli. Alikuwa ni yule yule kijana wa kuta. Alipanda juu na ufunguo mmoja wa nati, akalegeza, akaigeuza sahani ikaupa mlima mgongo, ikaelekea mnara wa upande wa ziwa, akakaza. Aliangalia simu yake, akaigeuza sahani tena kiasi cha unene wa kidole. Sikuwa nimemaliza kunywa chai. Taa ya dunia ikawa kijani.

Aliposhuka akaliona tundu la ukutani. "Mwalimu, samahani," akasema polepole. "Tuliambiwa tuseme vile." Hilo nililipokea, maana lilitoka kwake. Lakini akatoa karatasi ya kusaini, na ilikuwa imeandikwa tayari kwamba tatizo lilikuwa kwenye vifaa vya mteja na limetatuliwa. Nilimrudishia. Nikamwambia aandike ukweli, nitasaini mara kumi. Akaikunja, akaondoka nayo ikiwa haina saini.

Tulimpigia dada siku hiyo hiyo bila kungoja Jumapili. Kioo kikafunguka, na dada alikuwa amebeba mtoto.

Nilijua. Alikuwa amenipigia simu siku alipojifungua, nikamwambia mama, na mama alikuwa amenitazama kwa macho yale yale ya samaki wa jana. Sasa aliona. Mtoto wa kiume alikuwa na wiki tano. Dada alimlaza kwenye mapaja ili mikono iwe huru, akaanza kueleza kuzaa kwake, na mama hakumjibu. Alikuwa analia kwa hasira, si kwa furaha, na aliniambia hivyo mwenyewe kwa mkono mmoja bila kuondoa macho kwenye kioo: wiki tano. Wameninyima wiki tano. Mtoto wa wiki moja sikumwona, na huyo hatarudi.

Alipotulia alimwomba dada kitu ambacho sikukitarajia. Alimwomba apige makofi nyuma ya kichwa cha mtoto.

Dada alisita. Kisha akamwinua mtoto amtazame mama, akanyoosha mkono nyuma yake na kupiga kofi moja kwenye mbao ya kitanda. Mtoto alishtuka mwili mzima, akatupa mikono hewani, akaanza kulia. Mimi nilimsikia. Mama aliona kinywa kimefunguka. Sikuweza kusoma uso wake, mimi niliyeishi naye miaka arobaini na kitu. Kisha akamwambia dada: anasikia. Sawa. Mfundishe mikono hata hivyo.

Majirani wenye sahani kama yangu niliwapitia wote juma lile. Tulikuwa nyumba kumi na moja katika mitaa mitatu tu, na kila moja ilikuwa imepewa ugonjwa wake: hapa virusi, pale kuta, kule ordinateri ya kizamani, na mzee mmoja aliambiwa mti wake wa parachichi ndio unaoziba, akaukata. Mti uliokuwa unazaa! Tulienda biro pamoja mara mbili. Sahani zote ziligeuzwa. Pesa za miezi ya chuma kitupu hazijarudi kwa mtu yeyote, na tangazo tuliloomba libandikwe mlangoni halikubandikwa.

Vita vilipoingia mjini kwenyewe, mtandao ulikatika kwa wote, na umeme, na maji. Wakati huo hakuna aliyetuambia tuhesabu mpaka trente. Mama alikaa mbele ya kioo cheusi siku ya Jumapili kwa saa yake ya kawaida, amevaa kitenge cha misa, kisha akainuka kwenda kupika. Mtandao uliporudi, mtoto alikuwa anatembea. Alisimama kwenye kioo mbele ya bibi yake, akamtazama, akafunga vidole viwili vya mkono wa kulia na kuvigusisha mdomoni. Kwa lugha yetu hiyo ni "chakula". Mama alicheka, akageuka kunitazama kama nimeona, kisha akainuka na kuleta sahani ya ugali na sambaza hadi karibu na kioo, ili mtoto aone kwamba ameeleweka.